Koili ndani ya Tembe

Mume wangu Chediel alipopunguzwa kazi reli pale Manyoni, wenzake walinunua baiskeli na redio, wengine wakaoa mke wa pili. Yeye kiinua mgongo chake chote alikigeuza chuma. Aliagiza Dar es Salaam koili moja ya bati jeupe laini, ile inayokuja imeviringishwa kama mkeka. Alisema biashara sasa ni huria, kila mtu anaezeka bati, na kila anayeezeka bati atataka mifereji na tangi la maji. Ufundi wa bati alikuwa nao. Mimi nilitaka mashine ya kusaga, nikanuna siku kadhaa, halafu nikaacha, maana kitu kilishanunuliwa.

Miaka yote Chediel alikuwa mpakuzi wa mabehewa, na alijua mizigo ya watu inavyouawa. Siku koili ilipofika stesheni alipanga matairi mabovu chini ya mlango wa behewa ili iangukie pale. Mnyororo aliukataa, akataka kamba ya katani, kwa sababu mnyororo unang'ata ukingo, na ukingo ukibonyea, kila mzunguko unabaki na kovu. Makuli walimcheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

Tulikuwa tunakaa karibu na Kilimatinde, kwenye tembe la mama yake, Mama Yustina. Mlango ulikuwa mdogo, ikabidi tuubomoe pembeni, na bado karatasi ya mafuta iliyofunika koili ilichanika kwenye nguzo. Tuliiweka chumba cha ndani, juu ya mataruma mawili ya mbao, yale ya kulazia reli. Chediel alimwambia mama yake, "Mama, hii ikae juu. Isiguse maji wala udongo. Na hewa ipite."

"Juu," akaitikia Mama Yustina. "Isiguse maji wala udongo." La hewa hakulirudia, na hakuna aliyeligundua.

Kabla Chediel hajakata hata kipande, ngiri ilimbana. Nikampeleka Itigi, akapasuliwa, kidonda kikachelewa kupona. Huku nyuma zikaja zile mvua za El Nino. Barabara zilikatika, tukakwama huko mpaka Krismasi ikapita. Shamba letu la bondeni lilikuwa limeshaondoka na maji. Kilichobaki duniani kwa jina letu kilikuwa ile koili, nayo ilikuwa chini ya paa la udongo. Koili ikifa, tumekwisha. Nililala na wazo hilo na kuamka nalo.

Tuliporudi, nusu ya tembe ilikuwa imeanguka. Mama Yustina alikuwa amelala penye mlango, amejifunika kaniki, anakohoa. Hata shikamoo zetu hazijaisha kuitikiwa, akasema, "Bati lenu ni zima."

Tukaingia chumba cha ndani. Pale palikuwa pakavu kuliko kote. Lakini koili haikuonekana. Ilikuwa imezikwa kwenye majivu, kikapu juu ya kikapu, majivu ya meko ya majirani wote, na juu yake ngozi ya ng'ombe. Chediel akaanza kufukua kwa mikono. Majivu yalikuwa yamenyonya unyevu wa mvua zote zile, yameshikana kama ugali. Chini yake bati lilikuwa limetoa unga mweupe, na Chediel alipoligusa, kidole kilipita.

"Mama, nani alikwambia uweke majivu?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa ya mkwe.

"Karatasi ilikuwa imechanika, mwanangu. Mbegu ya uwele naihifadhi hivyo hivyo kwenye kilindo changu cha gome la mti. Tangu niolewe haijaharibika."

Nikasema mengi. Siyarudii hapa, na siyajutii yote, maana kilichooza kilikuwa chakula cha wanangu. Chediel akasema, "Loyce, toka nje," nikatoka.

Nje nilimkuta jirani yetu Dorkas, amesikia kila kitu. Akaniambia wao walimwita Mama Yustina akalale kwao, akakataa. Alisema amekabidhiwa mali ya watu. Chumba kisichovuja kilikuwa kimoja tu, akakiachia bati. Yeye alilala mlangoni, na penyewe palivuja kutoka jioni hadi asubuhi. Hasira yangu haikuisha. Ila nilirudi ndani nikawasha moto, nikamchemshia uji.

Kesho yake Chediel alianza kumenya koili. Alikata akatupa, akakata akatupa, mizunguko ya juu yote ikawa takataka. Nikasimama pale nikihesabu kimoyomoyo ada za shule. Mwishowe, kuelekea kwenye kiini, bati likatokea jeupe, safi. Lilitosha kuanzia, kama hakuna litakalopotea. Nikatangaza kwamba halitoki hata kipande bila mnunuzi.

Chediel akampelekea mama yake kipande kitandani. Mama akapitisha kiganja juu yake polepole.

"Si niliwaambia," akasema.

Hakufika Jumapili. Kifua kilimzidi.

Tulimzika mvua ikinyesha. Kaburi lilijaa maji, vijana wakayachota kwa ndoo, yakarudi. Sanduku lilikuwa la mbao za kitanda chake. Mwinjilisti Nathanaeli alifunga kitabu akangoja. Chediel akatazama maji, kisha akanitazama mimi. Alitaka kuniomba, akaogopa, na mimi niliona kwamba anaogopa. Iliniuma sana.

"Kata," nikamwambia. "Kata ndefu."

Akaenda na makasi yake. Alirudi na bati pana, kingo amezikunja vizuri kama anavyokunja mfereji wa mteja. Nyuma yake watu wawili walibeba yale mataruma. Wakayashusha kwanza, sanduku likakaa juu yake, bati likafunika.

"Sanduku likae juu," Chediel aliwaelekeza waliokuwa ndani ya kaburi. "Lisiguse maji wala udongo."

Nilitupa konzi ya kwanza ya wakwe. Udongo uliliangukia bati kwa kishindo, na ndipo nikalia, maana maisha yake yote Mama Yustina hakuwahi kulala chini ya bati.