Picha ya Ufunguo

Ukitaka kumtia hasira Mzee Komeo, piga picha ufunguo wako mbele yake. Fundi huyu wa makufuli atakusomesha mpaka ukome: ufunguo ni meno, na meno yakionekana vizuri kwenye picha, fundi yeyote mwenye tupa anaweza kukuchongea mwingine bila kuushika wa kwanza. Mtaa mzima ulikuwa umeshalisikia somo hilo, na wengi walikuwa wamelichoka.

Simu ya kisasa alinunuliwa na dada yake mkubwa. Mtandao wa kutumiana ujumbe ulipomwomba ruhusa ya kuona namba zake zote, kisha kamera, kisha sauti, kisha mahali alipo, mzee aliisukuma mbali. Akauliza huyu ni mgeni gani, hata kiti hajapewa anataka mpaka chumbani. Dada mtu akamkubalia yote kwa kidole chake mwenyewe, akisema mwenye mashati mawili ana siri gani.

Mzee angeufuta mtandao huo siku hiyo hiyo. Lakini dada alikuwa amempiga picha akinywa chai na kuiweka kwenye stetasi, pale inapokaa siku moja halafu inatoweka. Jioni akamwonyesha majina ya walioitazama. Muuza mbao. Mteja wa juzi. Na Kitinda.

"Angekuwa amefuta namba yako, mdogo wangu, asingeiona," dada akasema.

Kitinda ni binti yake wa mwisho, na alikuwa ameondoka nyumbani miaka miwili nyuma. Tuseme kweli, kosa lilikuwa la mzee. Alilifungua sanduku la binti kwa zana zake akasoma daftari lake, eti ana wasiwasi naye. Yeye huyo ambaye hajawahi kufungua hata droo ya mteja bila mwenyewe kusimama pembeni! Binti aliweka ufunguo wa nyumba mezani, akasema asitafutwe, akitaka kuja atakuja mwenyewe. Mzee aliapa kutii, na alitii. Hakupiga simu wala hakuandika neno.

Sasa stetasi haimbishii mtu hodi. Anayetaka hutazama, asiyetaka hupita. Basi mzee akaanza kuweka picha kila siku: viatu vyake, tupa mpya, paka wa jirani, mvua uani. Watu mia tatu wakajua anaamka saa ngapi na anakula nini, na mia tatu kasoro mmoja hakuwa na haja nao. Jina la Kitinda likichelewa, alikula huku simu iko kando ya sahani. Alimkumbuka mwanawe mpaka kifua kikawa kinamuuma kweli.

Jumanne moja mshonaji wa nyumba ya pili akampa habari. Kitinda alikuja jana yake mchana. Alikishika kitasa, akakuta pamefungwa, akasimama kidogo, akaondoka. Mshonaji alimwambia angoje, akakataa. Mzee akaketi pale pale kwenye ngazi. Nani mwingine angekuwa ameufunga mlango, kama si yeye, tena mara mbili, kama kila siku?

Asubuhi yake, kwenye kibanda chake cha ufundi, alichana karatasi ya miraba kwenye daftari la hesabu. Akaupangusa ufunguo wa nyumba yake, akaulaza juu ya miraba ili fundi yeyote aweze kupima kila jino, akaupiga picha. Kidole kilisita. Wengi kati ya wale mia tatu aliwahi kuwaona mara moja tu maishani. Akabonyeza.

Muuza mbao alikuwa wa kwanza kupiga, kuuliza kama ni mzima. Kisha dada, akimwambia ameuanika mlango wake sokoni, akili zimemruka.

"Dada," mzee akasema, "mlango nimeufunga miaka yote hiyo, na aliyebaki nje ni mwanangu."

Adhuhuri jina la Kitinda halikuwepo. Saa tisa halikuwepo. Mzee alimchongea mteja ufunguo, akauharibu, akachonga upya. Saa kumi jina likatokea, na baada ya hapo kimya, mpaka akajiona mjinga wa mwisho.

Karibu saa kumi na moja simu ikalia, ujumbe umeingia. Maneno ya kwanza kutoka kwa binti yake tangu aondoke.

"Baba, ifute hiyo picha sasa hivi, utaibiwa."

Na chini yake: "Nimeshachongesha."

Kuifuta kulimchukua muda, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri. Akafunga kibanda mapema, akaenda nyumbani. Akaufunga mlango kwa ndani, kisha akauchomoa ufunguo kwenye tundu ili wa nje upate kuingia, akavuta kiti, akakaa kusikiliza.