Mjane na Wembe

Ukurasa wa tisini na moja ulikuwa na makosa saba. Niliyahesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Mama yangu alikuwa mpiga chapa kwa miaka ishirini na miwili, katika kichumba chenye dirisha moja nyuma ya posta, na watu walivuka mji mzima kumletea kazi kwa kuwa mkono wake haukosei. Siri yake alinifunulia nikiwa mdogo: akipiga chapa, hasomi. Macho yanaona herufi, vidole vinapiga, basi. Mpiga chapa akianza kusoma, alisema, kazi imeharibika.

Kwa hiyo safari hii alikuwa amesoma.

Kazi yenyewe ilikuwa tasnifu yangu, na ilitakiwa chuoni Ijumaa. Nami nilikuwa kwake Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimeandika juu ya tamthilia moja ya zamani ya kisasi, mojawapo ya zile ambazo pazia likishuka hakuna aliyebaki wa kuzika wenzake. Jemadari anamuua rafiki yake, anaichukua nyumba yake, na mjane anageuzwa mtumishi wa kumnyoa ndevu kila asubuhi. Miaka kumi na mmoja wembe unapita kooni mwa muuaji, na mjane hafanyi kitu. Mwishowe ni mwanawe anayerudi kutoka vitani kulipiza, na wote wanaangamia.

Wahakiki wamemsumbua sana mwanamke huyo. Mmoja kasema ni mwoga. Wa pili, kwamba amempenda jemadari. Wa tatu, mtu mwenye akili nyingi na moyo mdogo, kwamba si mtu hata kidogo, ni hila tu ya mwandishi ya kusogeza muda hadi sehemu ya tano. Mimi, kwa kiburi cha miaka ishirini na sita, nikajiona nimewapiku wote. Mjane amesahau, niliandika, mazoea yamemlaza. Maneno hayo yalikuwa katika ukurasa wa tisini na moja.

Nilimrudishia karatasi nikicheka, nikamtania kwamba uzee umeanza kumpigia hodi. Hakucheka. Aliichana vipande viwili pamoja na nakala yake ya kaboni, kisha akaniuliza kama nilimkumbuka baba.

Simkumbuki. Nilikuwa na miaka mitatu alipoanguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo walilokuwa wakilijenga, na siku zote nililelewa na neno moja: ajali. Asubuhi ile mama alinipa mengine. Nyapara ndiye aliyempandisha juu ya mbao alizojua zimeoza, kisha akawaambia wachunguzi kwamba marehemu alikuwa amelewa, yeye ambaye pombe hakuijua hata harufu. Nyapara huyo sasa ni mzee. Kila Jumatatu saa nne huja kwa mama kuandikiwa barua kwa binti yake, aliyehamia mbali na ambaye hajibu. Yeye husema, mama hupiga chapa, kisha humsomea.

"Macho yake yamekwisha," mama alisema. "Naweza kuandika chochote. Neno moja tu, na huyo binti asimtafute kamwe mpaka kufa."

"Anajua wewe ni nani?"

"Anajua. Hajasema, na mimi sijamuuliza."

Alichomeka karatasi mpya kwenye mashine, akainyoosha kingo.

"Huyo mjane wako hajasahau kitu," alisema. "Kila asubuhi anaushika ule wembe, na kila asubuhi anaamua. Ukimwacha mtu hai siku moja, labda ni woga. Lakini hesabu hiyo miaka yote."

Nilimtazama mwanamke huyu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, nikaona kwamba nimeishi nyumba moja na mtu nisiyemjua. Katika maktaba nzima sikuwahi kukutana na kitu kama kile.

Sura hiyo niliiandika upya kwa siku tatu. Jopo liliponihoji, profesa mmoja aliuliza nimemtegemea mhakiki gani, maana hakumwona kwenye tanbihi. Nikasema ni mpiga chapa wangu. Walidhani natania, wakanipitisha kwa onyo. Leo ninaifundisha tamthilia ile ile, na wanafunzi wangu wakimwita mjane mwoga, nawaacha waseme. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu ile saa nne ilifika kabla sijajikusanya. Mlango ulisukumwa, akaingia mzee mwenye fimbo, kola ya shati imepigwa pasi vizuri.

"Karibu, mzee," mama alisema.

Chumba kilikuwa na viti viwili, na kimoja nilikuwa nimekikalia mimi. Mzee alisimama akipapasa hewa kwa mkono. Mama alikuwa anapanga karatasi zake, hakuniangalia, nikaelewa kwamba katika hili hatanisaidia.

Nilisimama, nikamsogezea kiti.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Aligeuza sikio upande wangu. "Ni nani mwenzetu?"

"Ni binti yangu," mama alisema. "Sina mwingine."

Mzee aliketi polepole. Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo, kidevu kikimcheza. Kisha akaanza kusema barua yake.

"Mwanangu mpendwa," alisema.

Mama akaandika hivyo hivyo.