Nyasi za Mashine Mpya

Nianze na kinyaa changu, maana ndicho kilichonikaa kooni. Nimeendesha chumba cha gemu muda wa kutosha kuona watu wazima, wenye ndevu na watoto, wakilia kwa bao la dakika ya mwisho. Hilo halijawahi kunichukiza. Kilichonichukiza ni kuwaona watu hao hao wakiisonya mashine iliyowaliza, eti kwa sababu kampuni imetoa nyingine ile ile yenye misuli zaidi.

Si kizazi kipya, tuelewane. Kizazi kipya kingekuja na gemu zake, nasi tungenyoosha mikono. Hii ni ya katikati: diski zile zile, timu zile zile, hata padi za kuchezea zile zile. Ya kwanza haijaacha kunyonya, wameshaizalia mdogo wake na kumvika nguo nzuri zaidi. Halafu wanaapa kwamba ya kwanza haijatupwa. Nenda basi dukani ukasome jalada la gemu iliyotoka juzi: itaonekana vizuri zaidi kwenye mashine iliyoboreshwa. Huko ndiko kukufukuza kwa adabu.

Aliyetuletea ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ninayeendesha naye chumba. Tulikuwa na mashine nne, kila moja na televisheni yake. Akauza moja bila kuniuliza, akarudi amekumbatia boksi kama baba aliyetoka wodi ya wazazi.

"Shemeji, usinune," akasema. "Dunia inakwenda mbele."

"Inakwenda mbele na mashine yangu mkononi?"

Akacheka tu. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kwetu mashine hazikai mezani, maana mashine ya mezani huota miguu. Tunazifungia kwenye kabati lenye wavu mbele. Nyaya za picha na za padi hutokea kwa nyuma, kwenye tundu moja, zimefungwa mafungu kwa utepe mweusi, na kila fungu lina televisheni yake. Mteja anaiona taa ya mashine kwenye wavu, anaiona picha kwenye kioo, na hapo katikati anatuamini sisi.

Shemeji akaiweka mpya rafu ya juu, akahangaika na mafungu nyuma ya kabati mpaka shati likalowa, akawasha televisheni ya dirishani. Kinyozi wa mlango wa pili, bingwa wetu, akashika kiuno.

"Lahaula! Nyasi unaziona moja moja!"

"Nyasi tu?" akasema Muuza Viatu, hasimu wake. "Mtazame kipa shingoni. Jasho lile!"

Nami niliziona. Nisijifanye mjuaji, niliziona nyasi moja moja na nikasema moyoni kweli wamefanya kazi.

Ila chumba chetu kina sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyokifanya kikapendwa: aliyefungwa anainuka, hana neno. Awe mwalimu, awe mkopeshaji, anaweka padi chini na kumpisha mwingine. Nimeona magomvi makubwa ya mtaa yakiishia pale. Basi kuanzia siku ile hapakuwa na mtu aliyefungwa tena. Mashine ndiyo iliyofungwa.

Kinyozi alipigwa matano na Muuza Viatu kwenye televisheni ya mlangoni. Badala ya kuinuka akairusha padi.

"Hili gofu la mashine linachelewa! Nabonyeza leo, linapiga kesho!"

"Jana hiyo hiyo ilikupa ubingwa," nikamwambia.

"Jana sikuwa na macho, mama."

Wakafuata wengine. Kila aliyeshindwa mlangoni alitukana gofu, na kila aliyeshinda dirishani alijisifu mwenyewe. Foleni ikajaa dirishani, viti vingine vikabaki vitupu. Watu walioapa kuzikwa na mashine zile walikuwa wakizipitia wameziba pua, kama wanaruka mtaro. Nilitamani kuwafukuza wote nideki.

Shemeji akaamua: zile tatu za zamani ziuzwe zote, tuongeze mpya moja. Nilimwambia chumba cha watu wanane kitakuwa cha wanne, na asiye na kiti hatarudi. Akaniambia hawarudi kwa viti, wanarudi kwa picha. Mume wangu, kwa kutopenda kelele, akasema tupatane wenyewe. Mnunuzi akaitwa.

Alikuja mchana, mtu mpole mwenye gunia safi. Nikafungua kabati, nikaishika ya zamani kwenye rafu ya chini, nikavuta fungu lake la nyaya.

Televisheni ya dirishani ikazima.

"Aah! Nilikuwa nafunga!" Kinyozi akapiga kelele.

Nikatazama rafu ya juu. Taa ya mashine mpya inawaka. Nikachomeka fungu, dirishani kukarudi uhai. Nikalichomoa, kukafa. Nikalifuata fungu la mashine mpya kwa kidole, kutoka tunduni, kupita nyuma ya viti, mpaka kwenye televisheni ya mlangoni, ambako Dobi, mteja wetu mwingine, alikuwa amekaa peke yake akilalamika kwamba gofu linamchelewesha.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikawaita wote, nikawashikisha nyaya kwa mikono yao. Shemeji akawa mdogo kama sisimizi.

"Tangu siku ya kwanza," nikasema. "Mnayoisifu ndiyo ya zamani. Mliyoitukana ndiyo mpya. Nyasi zile, jasho lile, vyote vya gofu! Haya, nani bado anataka ziuzwe?"

Nilijua nimeshinda. Nilikwisha kumgeukia mnunuzi nimwombe radhi.

"Ndiyo maana!" akasema Kinyozi. "Mimi pale mlangoni nilihisi mashine inanizidi kasi. Nikadhani inachelewa, kumbe mimi ndiye nachelewa."

"Hata mimi niliona picha imetulia," akasema Muuza Viatu. "Nilinyamaza tu."

Wakaziacha padi za dirishani zikaning'inia, wakaenda mlangoni. Dobi akainuliwa kitini. "Tazama nyasi!" mtu akasema, na wengine wakaitikia. Hakuna aliyeona haya.

"Sasa, mama," mnunuzi akaniuliza taratibu, "nibebe au nisibebe?"

"Subiri," nikamwambia.

Nikalirudisha fungu mahali pake, nikaenda kukaa dirishani peke yangu, nikashika padi. Nilitaka kuucheza mchezo mmoja tu kwa heshima, wauone. Mashine ile ile, kioo kile kile, mchezo aliouacha Kinyozi. Nikamtuma winga wangu pembeni.

Nyasi zilikuwa zimeshikana, kijani kimoja kizito. Nikasogeza kiti. Nikafuta kioo kwa kiganja, kisha macho yangu, nikatazama tena. Shingo ya kipa ilikuwa kavu.

Nikaweka padi chini, nikainuka.

"Beba," nikasema. "Anza na hii."