Kiti cha Kijiko

Kwenye karakana yetu ya ushonaji, kila kilichoharibika alikiharibu Kijiko. Fyuzi ikikatika, Kijiko. Suruali ikitoka mguu mmoja mrefu, Kijiko. Mkasi mkubwa wa kukatia ulipopotea, nani mwingine? Hakuna aliyejali kwamba Kijiko, fundi mwembamba aliyetembea na kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, alikuwa ameacha kazi tangu mwaka uliopita.

Mimi ndiye mpiga pasi, na katika kumsingizia hakuna aliyenizidi domo. Nilikuwa na sababu yangu. Kijiko aliondoka kwa sababu ya gauni la bibi harusi lililoungua kifuani siku moja kabla ya harusi. Yeye ndiye aliyeonekana mwisho karibu na meza ya pasi. Akaulizwa, akakana, hakuaminika, akachukua kijiko chake akaenda zake. Gauni lile niliunguza mimi. Nilikuwa nimeiacha pasi juu yake nikakimbilia dirishani kusikiliza ugomvi wa majirani, na ugomvi wenyewe hata haukuwa wa maana. Siku ile nilinyamaza, na kila siku iliyofuata mdomo ulizidi kuwa mzito.

Kisha akaja msimamizi mpya, mama mfupi asiyevua futi shingoni hata akiwa anakula. Tukambatiza Mama Futi. Wiki nzima hakusema lolote zaidi ya "ehe" na "nani kafanya?", na kila tulipomjibu aliandika kwenye daftari. Jumamosi akavuta kiti kitupu akakiweka katikati ya chumba, kikielekea meza yangu ya pasi. Ilitokea tu, lakini mimi nilikiona kimetumwa.

"Hiki ni kiti cha Kijiko," akasema. "Kwa wiki moja amefanya mambo kumi na moja, nyinyi watano hamjafanya hata moja. Mtu mwenye bidii kiasi hiki si vizuri asimame."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Akatungoja tumalize.

"Anayetaka kumtaja, amtaje. Lakini asinitajie mimi. Aende pale, asimame mbele yake, amwambie mwenyewe."

Wa kwanza alikuwa Mkataji, baba mzima mwenye kitambi, aliyekata mikono kumi ya mashati, yote ya kushoto. Akaenda kwa madaha mpaka kwenye kiti.

"Kijiko, ndugu yangu, wewe ndiye uliye..." Akakohoa. "Mama, huyu mtu ananiangalia vibaya."

"Endelea tu, anakusikiliza."

Mkataji akajikuna kisogo. "Basi, nimekata mimi. Nilikuwa napiga soga."

Sisi tukajikunyata kungoja karipio. Mama Futi akasema, "Asante. Tunarekebishaje?" Wakainama wote wawili kwenye kapu la mabaki kutafuta kitambaa. Mambo yakawa hivyo tangu siku ile: aliyekiri alipata asante na kazi ya kurekebisha, aliyejitia hamnazo alisimama mbele ya kiti mpaka akumbuke.

Moyoni nilisema haya ni ya sisi wadogo, wakubwa hawasimamishwi mbele ya viti. Ndipo zikaja sare za chuo cha wauguzi. Suruali kumi na saba kati ya ishirini na mbili ziliishia juu ya kifundo cha mguu, na vipimo alichukua Mama Futi mwenyewe. Mkuu wa chuo alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Sisi tukainamia kazi zetu kana kwamba zimetuzidi, masikio yamesimama.

Mama Futi akavua futi shingoni, mara ya kwanza tangu tumjue, akaenda kwenye kiti.

"Kijiko, nilitamani sana uwe wewe. Ni mimi. Nilipima watano tu, waliobaki nikawakadiria kwa macho, na macho yangu ni mafupi kama mimi." Akamgeukia mgeni. "Tutaunganisha upindo wa rangi ya kola. Leo nakuja kuwapima mmoja mmoja, na Jumatano mchana mtazipata."

Mkuu wa chuo akashusha mikono.

Niliona haya, haya ya kweli ya kuchoma masikio. Nikachomoa pasi kwanza, hilo nimeshajifunza, nikapiga moyo konde nikaenda kusimama pale.

"Kijiko, gauni la bibi harusi niliunguza mimi. Wewe hukuligusa."

Mama Futi hakuwa akijua habari ya gauni. Akaelezwa, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Asante," akasema polepole. "Tunarekebishaje?"

"Sijui, Mama."

"Unajua."

Jioni nikamfuata Kijiko kwake, mitaa miwili nyuma ya karakana. Alikuwa barazani anapachika zipu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Akashona mpaka mwisho wa zipu, akakata uzi kwa meno.

"Mama wa yule bibi harusi ni jirani yangu," akasema. "Hanisalimii mpaka leo."

"Nakwenda kwake sasa hivi."

"Twende wote. Nataka nisikie."

Nikasema tena, mlangoni kwa yule mama, Kijiko akiwa nyuma yangu. Yule mama akanitazama, kisha akamtazama Kijiko, akamsalimia. Njia nzima ya kurudi nililia, na Kijiko hakunibembeleza.

Jumatatu akatokea karakana na kitu kilichofungwa kitambaa, kakibana kwapani. Mama Futi akamwonyesha kiti chake. Hakukaa. Alisimama wima mbele ya kiti, kama tulivyofanya sisi.

"Kijiko," akajiambia, "mkasi ulichukua wewe. Ulikuwa na hasira."

Akaufungua mezani. Mkataji, aliyesema hivyo mwaka mzima bila yeye mwenyewe kuamini, akatutazama mmoja mmoja kwa macho ya ushindi.

"Asante," akasema Mama Futi. "Tunarekebishaje?"

"Nirudi kazini."

"Cherehani ya pembeni haina mtu."

Kijiko akakivuta kiti chake mpaka kwenye cherehani hiyo, hatua mbili kutoka meza yangu, akakaa. Akatoa kijiko mfukoni, akakiweka karibu na nyuzi, kisha akanigeukia.

"Wewe dada," akasema, "hilo dirisha tutalifunga."