Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Gari jeusi liliingizwa gereji kinyumenyume, na mlango wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa umefunikwa blanketi. Dereva alishuka, akalifunga lango la mabati kwa mikono yake mwenyewe, kisha akawageukia mafundi wawili waliokuwa wamelala chini ya pikapu.

"Nendeni mkanywe chai."

"Tumeshakunywa, mkubwa."

"Mkanywe tena."

Walipotoka, alibaki mwenye gereji pamoja na mwanamke waliyemwita Mama Kioo, kwa kuwa gari lililopita mikononi mwake mtu aliweza kulitumia kunyolea ndevu. Alikuwa amesimama kando ya ndoo yake, ncha za vidole zimepauka kwa dawa, akisubiri kuambiwa kazi. Dereva alimtazama kama mtu anayekagua jeki.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Mji mzima huu hupati mkono mwepesi kama wake."

"Mkono sikuulizi. Nauliza macho. Anajua kusoma?"

Mwenye gereji alicheka mpaka tumbo likamtikisika. "Huyu? Mwandikie 'sumu' kwenye chupa, atakushukuru kwa soda. Miaka sita yuko hapa anapiga dole gumba tu."

Mama Kioo aliinamisha kichwa. Dole gumba alilipiga kweli. Lakini kwa miezi kumi na moja sasa, siku tatu kila wiki, saa tisa alasiri, alikuwa akikaa kwenye benchi la darasa la watu wazima nyuma ya zahanati, na hapa gereji hakuna aliyejua. Mwaka uliopita fundi wa rangi aliisoma kwa sauti fomu ambayo wote walikuwa wakiipigia dole, ile isemayo kwamba atakayedhuriwa na dawa za kazi amejidhuru kwa hiari yake. Kesho yake ovaroli lake lilivaliwa na mtu mwingine. Ilipoletwa tena mwaka huu, Mama Kioo naye aliisoma fomu hiyo, neno kwa neno mpaka mwisho, kisha akachovya dole gumba kwenye wino.

Dereva aliliondoa blanketi.

Maneno yalikuwa mawili, yamechorwa kwa msumari, kila herufi urefu wa kiganja: ULIMGONGA UKAENDA.

Mama Kioo aliyatuliza macho yake mahali pamoja, kama mtu anayetazama ukuta.

"Wahuni wamekwaruza," dereva alisema. "Kesho saa tatu Mheshimiwa anazindua barabara, na wapiga picha watakuwa upande huu. Nataka pawe kama hapajaguswa tangu kiwandani."

"Imeingia sana?" mwenye gereji aliuliza.

Mama Kioo alichuchumaa, akapitisha ncha ya kidole juu ya mikwaruzo. Ndivyo alivyopima siku zote, kwa sababu jicho hudanganywa na mwanga. Mwanzoni mwa kila neno mfereji ulikuwa wa kina, kisha ukapungua hadi herufi ya mwisho ikawa imeparazwa tu. Kidole kilifika kwenye G, kikafuata mkia wake ulioingia ndani kama ndoana, kikasimama.

Mkono huo aliujua. Yeye na wifi yake waligawana daftari moja, wifi akiandika kurasa za kushoto na yeye za kulia. Wifi alianza kila neno kwa kukandamiza kana kwamba anachimba, akachoka njiani, akamaliza kwa kugusa tu. Mwalimu alichoka kumwambia kwamba kalamu si jembe. Kwa sababu hiyo Mama Kioo aliandika miezi yote hiyo juu ya matuta ya maneno ya mwenzake.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mume wa wifi, msukuma mkokoteni wa maji, akutwe amekufa kando ya barabara asubuhi, madumu yake yametapakaa hadi mtaroni. Kituoni waliandika kwamba gari halikutambuliwa.

"Ni kwenye vanishi tu, lile tabaka la juu," alisema. "Hapa mwanzo ndipo pamekaribia rangi. Itatoka."

"Itatoka au itajaribu kutoka?"

"Itatoka, kaka."

"Mimi si kaka yako."

Alilowanisha msasa laini, akaanza kuusugua mlango kwa miraba midogo, kwanza kwa ulalo, kisha kwa wima. Alikuwa na haraka ambayo hakutaka ionekane. Maadamu maneno yale yapo mlangoni, mtu angeweza kuyaweka kando ya ukurasa wa kushoto wa daftari, na daftari lenyewe lilikuwa kwenye mfuko wake, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mitungi ya gesi. Yakifutika, wifi atakuwa salama. Na Mheshimiwa pia. Hakukuwa na namna ya kumfuta mmoja akambakiza mwingine.

Nyuma yake dereva alikuwa akizungumza na mwenye gereji.

"Picha mmepiga?" mwenye gereji aliuliza.

"Picha ya nini? Mheshimiwa hataki picha, picha zina miguu. Lakini aliyeandika tutampata. Mtaa ule wanaojua kuandika wanahesabika. Ni hawa wazee wanaofundishwa siku hizi. Mfundishe nyani kurusha jiwe, la kwanza atakurushia wewe."

"Maneno yenyewe ni ya kweli?"

Dereva alilitazama lango kwanza.

"Siku ile sikuendesha mimi," dereva alisema.

Mama Kioo hakugeuka. Maji ya msasa yaliteremka mlangoni yakiwa meupe, yakapakaa kitambaa chake unga kama wa chaki. Mlango wote ulifubaa, ukawa wa kijivu. Akapaka dawa ya kusugulia, akawasha mashine, akaipitisha taratibu bila kuiegemeza, kwa kuwa rangi nyeusi ikipata joto haisamehe. Weusi ulirudi kutoka pembeni, kisha katikati, ukatulia kama maji ya kisima. Taa ya dari ilionekana ndani yake, kisha mabati, kisha misumari ya mabati.

Herufi zilibaki pale zilipokandamizwa sana tu: ULI upande huu, na UKA upande ule.

Alizima mashine. Sehemu kama hizo humalizwa kwa mkono. Alikunja kitambaa mara nne, akatia dawa kidogo, akaanza kusugua kwa kidole kimoja. Aliingia kwenye herufi ya kwanza, akatoka, akaingia ya pili. Hakujua kwamba midomo yake ilikuwa ikifanya walivyofundishwa darasani, kuitengeneza kila silabi kabla ya kuivuka. U. Li. Akasogea. U. Ka.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yake. Asingeuona mdomo wa mtu aliyempa kisogo. Aliuona mlangoni, ndani ya weusi aliokuwa ameung'arisha Mama Kioo mwenyewe.

"Unasema nini hapo?"

Kitambaa kilisimama. "Naimba."

"Imba tusikie."

Alifungua mdomo. Alikuwa akijua nyimbo za kubembelezea watoto, za harusi na za misiba, na katika hizo zote hakuna hata moja iliyokuja.

"Umesoma wapi, mama?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na alimwita kwa upole.

Mwenye gereji ndiye aliyeukumbuka mfuko. Aliuangua kwenye msumari, akaupindua juu ya meza: kitana, kikombe cha bati, gauni la kubadilisha, daftari. "Miaka sita," alisema, akitweta kana kwamba ameibiwa. "Miaka sita nakuona bubu, kumbe una meno."

Dereva alisoma jalada, "Darasa la Watu Wazima, Zahanati, saa tisa", kisha akafungua daftari. Alitazama ukurasa wa kulia, akautazama wa kushoto, akaugeuza na kupapasa nyuma yake, mahali ambapo karatasi ilikuwa karibu kutoboka.

"Huyu wa kushoto ni nani?"

"Simjui."

"Unagawana daftari na mtu usiyemjua."

"Tunagawana kwa sababu hatuna mawili." Alisimama, magoti yakamlia. Akasema jambo alilokuwa akilishikilia tangu blanketi lilipotoka. "Hata ukimjua, utalilinganisha na nini? Tazama mlango. Hakuna kitu pale."

Dereva alitazama. Aliinama, akapitisha kiganja chake juu ya mlango kutoka mwanzo hadi mwisho, akaona kweli hakuna kitu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kazi safi. Ila nilinganishe kwa ajili ya nani? Wewe unadhani kuna mtu ataniuliza?"

Akaliweka daftari juu ya dashibodi, akajisugua kiganja kwenye suruali.

"Zile alama za vidole vyangu, zifute."

Mwenye gereji alimtupia kitambaa kikavu. Mama Kioo alizifuta. Alianzia juu akashuka, kwa miraba, kwa ulalo kisha kwa wima, mpaka mlango ukawa na yeye peke yake ndani, kitambaa mkononi.

Lango lilifunguliwa. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Saa hizi wifi huwa ameshafika, amepangusa benchi kwa upindo wa gauni, ameketi upande wa kushoto na kumwekea mwenzake nafasi, akisubiri daftari lake.

Gari lilipofika barabarani halikukata kushoto kwenda mjini. Lilikata kulia, kuelekea zahanati, likienda polepole kama gari la mtu mwema. Watu waliokuwa kando ya barabara walisogea kulipisha, na mlango wa nyuma ukawaonyesha sura zao, mmoja baada ya mwingine, bila kumruka hata mmoja, na bila kumweka hata mmoja.