Mafuta ya Nazi kwenye Gia

Mwinyimadi alinunua mashine ya kusaga kwa sababu ya bega la mkewe. Mwanakheri alikuwa ametwanga tangu utotoni, na mwaka ule wa 1952 bega la kulia lilimgomea kabisa. Mashine ilipoanza kunguruma hapa Kisarawe, mimi jirani yao nilifurahi kama ni yangu.

Lakini wanawake wenzangu hawakosi neno. Unga unanuka lori, wakasema, tutaupikia futari kweli? Mwinyimadi, mtu asiyeweza kumuudhi hata kuku, akamwaga oili nzito ya gia, akatia mafuta ya nazi. Unga ukanukia, sifa zikamiminika, naye akavimba kichwa kidogo. Mashine ilipoanza kulia, akaongeza nazi. Katikati ya Ramadhani meno ya gia yakakatika kwa kishindo.

Felician, fundi wa mitambo ya mkonge kule Kibaha, akaja na baiskeli yake. Alitoa gia, akampa Mwinyimadi aipapase. Meno yaliyobaki yalikuwa na vishimo kama uso wa aliyeugua ndui.

"Mzee wangu, nani alitia nazi humu?"

"Mimi. Walilalamika harufu."

"Nazi nyepesi, mzee. Meno yakibanana inakimbia, chuma kinasagana na chuma. Hakivunjiki siku hiyo hiyo. Kinachoka kidogo kidogo, kinatoboka, kinapata ufa, halafu ndiyo hivi. Oili nzito ingekaa katikati ikayakinga."

"Na harufu je?"

"Oili ilikuwa inavuja hapa pembeni, inaingia kwenye unga. Ungeniita, ningeziba."

Masikini Mwinyimadi! Gia mpya ilibidi ingojwe kutoka Ulaya kwa meli, na Mwanakheri alikwishaanza kupangusa vumbi kwenye kinu.

Asubuhi yake nikasikia mchi kwao. Nikatoka na hasira zangu zote, nikamwambie yule bwana kwamba anamuua mwenzake. Nikamkuta yeye mwenyewe uani, kanzu kaikunja kiunoni, anatwanga, mahindi yametapakaa kila mahali. Mwanamume kutwanga, hapa kwetu! Wapita njia walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanakheri alikaa kigodani, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Taratibu, mume wangu. Usiulazimishe mchi, bega litachoka kidogo kidogo, wala hutajua."

Mwinyimadi akasimama, jasho linamtiririka.

"Kumbe lako lilianza hivi?"

"Hivi hivi."

Akainamisha kichwa, akaendelea kutwanga.