Kisu cha Shoto

Neno lenyewe lilikuwa huenda. Redio haikusema kiwanda cha chuma kimefungwa. Ilisema huenda kikafungwa, na kwa neno hilo moja watu wazima na mvi zao wakatoka mbio kununua visu, utadhani kuanzia kesho hakuna kitu kitakachokatika duniani.

Ngoja nianze vizuri, maana mke wangu husema hadithi zangu zinaingilia dirishani.

Kiwanda hicho ndicho kinachotoa chuma cha pua anachotumia fundi wetu wa visu vya kukunja, hivi vya kutia mfukoni. Mimi nimebebesha miche tangu sijaota ndevu. Unachonga kijiti cha mti mzuri, unakipachika kwenye shina la mti mgumu, unafunga, vinakuwa mti mmoja. Kazi hiyo inataka kisu chembamba chenye makali yasiyochoka. Ukichana badala ya kukata, mche unakufa. Springi ya gari inafaa panga, sikatai, lakini ukiikondesha kwa kazi yetu inapinda kama ulimi wa ng'ombe.

Tena kisu chetu kinanolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ni bapa, ndio unaolala kwenye kijiti. Sasa mjukuu wangu anatumia mkono wa kushoto, ndiyo maana tunamwita Shoto. Kisu cha mkono wa kulia akikishika yeye kinazama ndani ya mti kama panya shimoni. Alijifunzia changu, akaua miche mpaka nikaionea huruma. Basi alipopata kazi kwenye kitalu kikubwa, akaambiwa aje Jumatatu na kisu chake, nikaenda kwa fundi nikamwambia atengeneze cha kunolewa upande wa pili. Akacheka, hajawahi kuombwa hivyo, akakubali.

Na huyu fundi ana desturi yake. Hakupi kisu mpaka ukate kijiti mbele yake. Ana kikapu kizima cha vijiti pale kwenye benchi. Unakata, anautazama mkono wako, anakirudisha kisu kwenye jiwe kidogo, unakata tena. Wako wanaolalamika anawapotezea muda. Mimi naona hiyo ndiyo adabu ya kazi.

Ilipokuja ile huenda, adabu ikawekwa kando. Nilipokwenda kuchukua kisu nikakuta rafu tupu na kikapu kimefunikwa gunia.

"Nimefuata kisu cha Shoto," nikamwambia fundi.

"Mzee wangu, si umeshapelekewa?"

"Na nani?"

"Shemeji yako. Kachukua vyote vilivyokuwepo. Akasema na chako nimpe, atakifikisha, nyie nyumba moja."

Shemeji yangu ni kaka wa mke wangu. Anauza vitanda. Mtu huyo hajawahi kumenya hata chungwa, humenyewa.

"Ukampa bila kukata kijiti?"

Fundi akatazama vidole vyake. "Watu walijaa mpaka barabarani, mzee. Kila mtu nipe, nipe."

"Basi tengeneza kingine."

"Kwa chuma gani? Kiwandani kilichobaki wakubwa wamekizoa. Sisi tunaambiwa tusubiri."

Nikaenda kwa shemeji na hasira zangu zote. Nikamkuta sebuleni. Kabati la vioo, lile la glasi za harusi yao, sasa limejaa visu vimelazwa juu ya kitambaa chekundu kama maiti za wafalme.

"Karibu, mume wa dada," akasema. "Njoo uone mali."

"Nimefuata kisu cha mtoto."

Akakitoa kwa leso, kama anashika kifaranga. "Hiki? Hiki hakina mwenzake. Nilikuwa nakuletea, haki ya Mungu. Nikakitazama njiani, moyo ukakataa."

"Moyo umekataa kumpa mjukuu wako kitu chake."

"Achague kingine. Hivi hapa."

"Vyote vya mkono wa kulia."

"Si ajifunze huo wa kulia? Mnamdekeza. Kiwanda kikifungwa, hiki kitatafutwa na dunia nzima."

"Na dunia ikikipata itakifanyia nini?"

"Itakiweka."

"Shemeji, kisu kinakaa mfukoni kwa sababu mfuko unakwenda kazini. Kabati linakwenda wapi?"

"Ndiyo maana umezeeka na mifuko tu, kabati huna."

Nikaondoka bila kunywa chai yake. Na chai, kusema kweli, anaijua.

Nyumbani Shoto alinisikiliza mpaka mwisho. "Achana naye, babu," akasema. "Nitaomba wanipe kumwagilia maji."

Kumwagilia. Mtoto niliyemfundisha kushika kijiti kabla hajajua kufunga viatu. Nikamwambia avae ndala, tukarudi kwa fundi. Nikatoa kisu changu mfukoni, nikakiweka kwenye benchi.

"Kigeuze. Kinoe upande wa pili."

Fundi akakiinua kwenye mwanga. "Kimebaki mwiba wa samaki, mzee. Nikikigeuza hakirudi tena mkononi mwako."

"Nimesema kigeuze."

Akakigeuza. Kisha, bila kuambiwa, akalitoa lile gunia kwenye kikapu, akampa Shoto kijiti. Akakata. Fundi akautazama mkono wake, akakirudisha kisu kwenye jiwe, akampa kijiti kingine. Kipande kikatoka laini, kibichi, bapa kama kucha. Nilirudi nyumbani mfuko mwepesi, na mpaka leo mkono wangu huingia humo kukitafuta.

Kiwanda? Hakijafungwa. Redio bado inasema huenda.

Juzi shemeji kaja na mzigo wa dada yake, boksi limefungwa kamba ya nailoni. Akahangaika na fundo kwa kucha mpaka jasho likamtoka.

"Mume wa dada, nipe kisu."

"Vyako viko wapi?"

"Vile si vya kukatia, na wewe."

Nikavuta kiti nione mwisho wake. Shoto ndiye aliyeharibu. Alitoka ndani, akamwamkia huyo babu yake mwingine kwa heshima zote, akatoa kisu mfukoni kwa mkono wake wa kushoto, akakata kamba mara moja, akakikunja.

Angeniuliza mimi kwanza, ningesema tumwache shemeji aing'ate hiyo kamba.